Mkulima na Ufunguo wa Soko
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vyama vya kitume, Ukonga, Dar es Salaam



Ndugu wapendwa, tumeombwa tuzungumze juu ya biashara ya mazao kati ya mataifa na migogoro inayotokana nayo. Huenda wapo watakaojiuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wakazi wa Ukonga, mahali ambapo nyumba zimebanana na wengi hatuna hata nafasi ya tuta la mchicha.

Linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wengi wetu tumetoka mikoani, na wazazi na ndugu zetu wangali wanaishi kwa jembe: korosho Mtwara na Lindi, mbaazi Babati, kahawa Kilimanjaro na Kagera, mahindi Ruvuma na Rukwa. Mazao yao yanapokosa soko, simu ya kuomba ada ya shule na fedha za matibabu hutufikia sisi. Pili, sisi ni walaji. Sehemu kubwa ya ngano tunayoitumia kwa mikate na chapati hutoka nje ya nchi. Vita kati ya Urusi na Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022, mama lishe wa Gongo la Mboto aliihisi katika bei ya unga na ya mafuta ya kupikia, ingawa hakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Hatukuja kuipinga biashara. Tangu zamani pwani yetu imeishi kwa kuuza na kununua ng'ambo. Tunalotaka kulitafakari pamoja ni hili: nani anashika ufunguo wa soko, na soko linapofungwa ghafla, mzigo unatua kichwani mwa nani?

1. Tulikotoka

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Tulipopata uhuru mwaka 1961, ulikuwa miongoni mwa mazao yaliyotuletea fedha nyingi za kigeni, na nchi yetu iliongoza duniani. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye kamba za plastiki zilizotengenezwa viwandani zikachukua nafasi ya kamba za katani, na bei ikaporomoka. Mashamba mengi ya Tanga na Morogoro yakageuka vichaka, na maelfu ya vibarua wakakosa kazi. Mkata mkonge wa Korogwe hakuwa mvivu. Uamuzi uliomwondolea riziki ulifanyika mbali, naye hakuulizwa.

Kahawa nayo ina historia yake. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962, nchi zinazouza na zile zinazonunua zilikubaliana juu ya mgawo wa kila nchi, ili bei isiyumbe mno. Mwezi Julai 1989 mgawo huo ulisimamishwa, na muda si mrefu bei ya dunia ikashuka kwa takriban nusu. Mkulima wa Rombo au wa Karagwe aliamka na mibuni ile ile na jasho lile lile, lakini kilo yake ya kahawa haikuwa tena na thamani ya jana.

2. Mbaazi za mwaka 2017

Sisi wa Dar es Salaam tunaijua mbaazi ya nazi inayoliwa asubuhi pamoja na chapati au maandazi. Lakini sehemu kubwa ya mbaazi zinazolimwa nchini hulimwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja, yaani India, ambako hupikwa mchuzi wa kila siku wa mamilioni ya watu.

Mwaka 2015 na mwaka 2016 India ilipungukiwa na bei ikapanda. Wakulima wetu wakaitikia kama mkulima yeyote mwenye akili: wakaongeza mashamba. Kisha India yenyewe ikavuna kwa wingi, na bei ikaanza kuwaangukia wakulima wake. Mwezi Agosti 2017 serikali ya nchi hiyo ikaweka kikomo: mbaazi za kuingizwa kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Amri hiyo ilitolewa wakati huku kwetu magunia yakiwa yanajazwa. Wanunuzi wakatoweka, bei ikaanguka vibaya, na wengine wakaziacha mbaazi zao zikaukie shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilikuwa kubwa kuliko bei.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. India nayo ina wakulima maskini, na serikali inayowalinda wakulima wake inatimiza wajibu wake. Hata hivyo tuangalie jambo moja. Msumbiji ilikuwa imetia saini makubaliano na India mwaka 2016 juu ya kiasi cha kununuliwa kila mwaka, na makubaliano hayo yakaipatia nafasi ambayo wengine hawakuwa nayo. Mkulima wa Tandahimba na mkulima aliye ng'ambo ya Mto Ruvuma walilima zao moja, juani pamoja. Kilichowatofautisha ni karatasi iliyotiwa saini mapema.

Mwezi Mei 2021 India iliufungua tena mlango. Wakulima wakafurahi, nasi tukafurahi pamoja nao. Lakini ufunguo umebaki mikononi mwa yule yule.

3. Korosho za mwaka 2018

Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, hufungashwa na kuuzwa kwa bei kubwa zaidi. Tunapouza korosho na maganda yake, tunauza pia kazi ya kubangua, ambayo ingewapatia riziki akina mama na vijana wa Mtwara na Lindi.

Katika msimu wa mwaka 2018 wanunuzi walitaja bei ambazo wakulima walizikataa. Mwezi Novemba serikali ya Rais John Magufuli ikawaondoa wanunuzi hao, ikaamuru jeshi lisombe korosho, na ikatangaza kuzinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wakulima wengi waliipokea bei hiyo kwa shangwe. Lakini kutangaza bei ni jambo moja, na kupata wa kuuziwa ni jambo lingine. Shehena kubwa ikabaki maghalani, na wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa miezi mingi.

Tunajifunza nini? Serikali inaweza kumfukuza mnunuzi kwa siku moja, lakini kiwanda cha kubangulia hakijengwi kwa siku moja. Viwanda kadhaa vya korosho vilijengwa kwa mikopo katika miaka ya 1970, na vingi vikakaa bila kazi, kwa kuwa wakati huo huo uzalishaji ulikuwa ukishuka: kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Mkulima, ghala, kiwanda na soko ni mafiga ya jiko moja. Likikosekana moja, chungu kinapinduka.

4. Majirani wanapofungiana milango

Si mataifa ya mbali tu yanayofunga milango. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani Namanga. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, yakawekwa masharti ya kupima mahindi na kuyapatia hati. Sumukuvu ni sumu kweli. Hudhuru ini, na haichagui Mkenya wala Mtanzania. Lakini mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili kujaza lori hakuwa na nafasi ya kusubiri viongozi wakutane.

Mwezi Aprili 2025 zamu ikawa yetu. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi, nayo Afrika Kusini kwa miaka kadhaa ilikuwa haipokei ndizi zetu. Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya nchi hizo mbili. Siku chache baadaye zuio hilo likaondolewa, mazungumzo yakaendelea. Tukumbuke kwamba Malawi haina bahari, na sehemu ya shehena zake hupita katika bandari hii ya Dar es Salaam. Kwa India sisi ni wadogo. Kwa Malawi sisi ndio wenye lango. Haki tunayoidai kwa mkubwa wetu, mdogo wetu naye anaidai kwetu. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mkulima wa tangawizi wa Same na mkulima wa Karonga wote ni nyasi.

5. Imani yetu yasemaje

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu. Humo alifundisha kwamba uhuru wa biashara peke yake hautoshi kuleta haki pale ambapo wanaokutana sokoni hawalingani kwa nguvu. Aliye na njaa hutia saini chochote, na saini yake haiufanyi mkataba kuwa wa haki. Karne nyingi kabla ya hapo, Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuzidisha bei ili wamnunue maskini. Kwa hiyo basi, mizani si jambo la sokoni tu. Ni jambo la altareni pia.

Kutokana na mafundisho hayo twaweza kusema mambo matatu. Taifa lina haki ya kuwalinda wakulima wake. Haki hiyo inaambatana na wajibu wa kutoa taarifa mapema, ili aliyekwisha kupanda asiangamizwe. Na hasara inayotokana na uamuzi wa wakubwa isiachwe kwa mkulima peke yake.

6. Tufanye nini

Kwanza, tuanze na mizani yetu wenyewe. Viazi vingi huletwa mjini katika magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba juu ya kipimo, ingawa sheria ya vipimo inayakataza. Tukinunua lumbesa na kufurahia nyongeza, tunamtendea mkulima wa Njombe kile tunacholalamika kutendewa na mataifa makubwa. Wafanyabiashara waumini waongoze katika kuikataa.

Pili, tuwahimize ndugu zetu vijijini waingie katika vyama vya ushirika na wavisimamie. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, humwezesha mkulima kuuza mnadani pamoja na wenzake badala ya kuuza peke yake gizani kwa kangomba. Lakini mfumo hauwi na haki kwa jina tu. Wanachama wasome mahesabu, waulize makato, na wasiogope kuwaondoa viongozi wasio waaminifu.

Tatu, tunapokutana na madiwani na wabunge wetu, tusiulize barabara na maji pekee. Tuulize pia: ni mikataba gani ya mazao imetiwa saini, na inampa mkulima taarifa ya muda gani kabla ya soko kufungwa?

Nne, tupende cha kwetu. Hatuwezi kula mbaazi zote za nchi hii, lakini mlango wa nyumbani ndio pekee usioweza kufungwa na mgeni. Vikundi vya akina mama vya parokia vinaweza kuanza kwa kununua nafaka na mikunde moja kwa moja kutoka kwa wakulima, iliyokaushwa vizuri.

Ndugu wapendwa, hatutaacha kuuza ng'ambo, wala hatuna sababu ya kuacha. Tunachotafuta ni kwamba mkulima wetu asiwe na mlango mmoja tu, na kwamba anayeufunga ajue kuna mtu amesimama nje na gunia kichwani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu ana ndugu aliyepata hasara kwa sababu ya soko kufungwa? Alisaidiwaje, na na nani?
2. Katika masoko tunayonunua, vipimo gani vinamwonea mkulima? Tutachukua hatua gani mwezi huu?
3. Nchi yetu ikiwa na nguvu kuliko jirani yake, haki inatudai nini?