Ngoma za Vijana wa Magara



Mwaka 2015 tulipotoka Magara kupitia Kagunga, meli ya Liemba ilituleta Kigoma bila ngoma hata moja. Ngoma yetu huchongwa kwa gogo zima la mti wa umuvugangoma; kambini kukata miti ni marufuku, basi vijana walianzia kwenye madumu ya mafuta. Sasa ngoma tunazo, wapigaji ndio wanaotutoka. Kila msafara wa kurejea nyumbani hupunguza kikundi. Mpiga inkiranya, ile ngoma ya katikati inayoongoza nyingine, alijiandikisha juzi, na mashindano ya kanda yamekaribia. Anayeyajua mapigo yake ni dada yake tu. Amri ya mwaka 2017 huko nyumbani iliwakataza wanawake kupiga ngoma. Wazee wetu, tunajua mnavyoliona jambo hili. Sisi walimu tunaomba apige.