Daftari Lisingoje Msiba Uishe

Msikilizaji wa Dodoma, Hanang si mbali. Tope liliposhuka Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, baadhi ya shule ziligeuka kambi za waathirika. Wapo wanaosema kijana aliyefiwa atulie kwanza, vitabu baadaye. Wana huruma, ila wanamnyima ratiba, nayo ilimpotea pamoja na nyumba. Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto ya 1976 walipata shule Mazimbu, Morogoro, mwaka 1978. Shule hiyo haikungoja majonzi yaishe. Mwalimu si mtaalamu wa saikolojia, kweli, kwa hiyo asidai insha kuhusu siku ya msiba. Wanafunzi wasomeane hadithi kwa zamu, kurasa mbili, saa ileile kila siku. Anayeshtuka kila mvua inapoanza apelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii.