Maneno ya Walimu kwa Watoto Wadogo, Siku ya Wakimbizi

Leo sisi walimu tunasema na wadogo kwanza. Wakubwa mtuvumilie.

Wanetu, ninyi hamkuwapo mwaka 2015. Mwezi wa tano wa mwaka ule, wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga, kijiji kidogo kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Vyoo vilikuwa haba, maji safi hayakutosha, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba iliwavusha hadi Kigoma, kisha magari yakawaleta hapa Nyarugusu. Habari ya ugonjwa ikafika kabla yao. Sisi Wakongo tulikuwa hapa tangu 1996, tukajiona wenyeji.

Palikuwa na msichana mmoja Mrundi, wa miaka minane hivi. Watoto wetu walimwita "Kipindupindu". Akifika bombani, walivuta madumu yao kando. Shule tulitumia majengo yale yale kwa zamu, na watoto wetu walifuta mabenchi kabla ya kukaa. Sisi walimu tuliona tukanyamaza. Tuseme kweli, baadhi yetu tulifuta meza pia! Na chuoni tulifundishwa vizuri kwamba ugonjwa ule huletwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, wala hauulizi mtu katoka nchi gani.

Siku moja mtoto wetu aliteleza kwenye tope, dumu lake likamwagika. Foleni ilikuwa ndefu, na bomba lilikuwa karibu kufungwa. Wenzake wakacheka. Yule msichana, Kiswahili hajakijua bado, alimwinua, akamgawia nusu ya maji yake, akamsindikiza hadi mlangoni kwao. Mama wa mtoto akamwuliza kwa ishara: jina lako nani? Katika watu wote tuliompita kila siku, huyo mama alikuwa wa kwanza kuuliza.

Kesho yake, wakati wa kubadilishana zamu, mtoto wetu alisimama mlangoni akamwita kwa jina lake. Wengine hawakubadilika siku ile. Ilichukua muhula mzima. Na hakupaswa kununua heshima kwa maji yake. Hilo ni deni letu walimu, tulikwenda kwao kuomba radhi.

Haya, wanetu: kila mmoja amgeukie jirani yake asiyemjua, amwulize jina. Tunawapa muda. Wakubwa pia.