Muislamu na Wasia: Andika Ungali Hai

(Mada iliyowasilishwa kwa Waislamu wa Kibirizi, Kigoma)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.



Katika hadithi ya Ibn Umar iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Hapa Kibirizi wapo wanaoingia ziwani usiku wa giza kuvua dagaa. Chombo ni cha ubia, injini ina deni, nyavu ni za shemeji, mke mmoja yuko hapa na mwingine yuko ng'ambo, Kongo. Yote hayo yamo kichwani mwa mtu mmoja. Ikivuma tufani, yanazama pamoja naye.

Kinachofuata mnakijua. Matanga hayajaisha, mbia anadai chombo chote ni chake, ndugu wa marehemu wanafunga nyumba, na mjane anaulizwa cheti cha ndoa asichokuwa nacho. Wanaoumia ni mayatima, ilhali Surat An-Nisaa aya ya 10 imewaonya kwa moto wale wanaokula mali zao kwa dhulma.

Wapo wanaouliza: Wakili wa nini, na Qur'an imeshagawa? Ni kweli imegawa, tena kwa uwazi, katika aya ya 11, 12 na 176 za sura hiyo. Lakini mahakama za kadhi ziliondolewa Tanzania Bara mara baada ya Uhuru. Leo mirathi ya Muislamu hupelekwa zaidi Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Pakizuka mgogoro, hakimu huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Ikionekana aliishi kimila, mila ndiyo itakayofuatwa. Na sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 humnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Basi yule aliyepewa haki na Allah anaweza kuikosa kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuandikwa.

Kazi ya wakili si kubadili mafungu. Kazi yake ni kuandika wasia utakaosimama mahakamani: kwamba wewe ni Muislamu na mali yako igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, wake na watoto wako wote kwa majina, madeni unayodai na unayodaiwa, ubia wako, na msimamizi unayemwamini. Mashahidi wasiwe warithi. Wasia unaweza kuhifadhiwa kwa wakili au RITA. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo.

Tuchukue mfano. Mtu ameacha shilingi 40,000,000, wake wawili, watoto wa kiume watatu na wa kike mmoja. Wazazi wake hawapo. Mazishi na madeni ni 4,000,000, zinabaki 36,000,000. Wasia hauzidi theluthi, yaani 12,000,000, wala haumhusu mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Akiusia theluthi yote kwa msikiti, zinabaki 24,000,000. Wake wanapata thumuni, 3,000,000, kila mmoja 1,500,000. Zilizobaki 21,000,000 ni za watoto: kila wa kiume 6,000,000, wa kike 3,000,000.

Na wewe uliyeteuliwa msimamizi, mali hiyo si yako. Mahakama ya Mwanzo inakutaka uwasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa ikikuongezea muda. Kaa kimya, na warithi wanaweza kuomba uondolewe.

La mwisho ni wakfu. Kiwanja cha msikiti au madrasa kilichoandikwa jina la mtu mmoja kinaweza kudaiwa na watoto wake kesho. Kiandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318.

Ndugu zangu, kabla ya Ijumaa ijayo kila mmoja aandike angalau madeni yake na majina ya warithi wake, kisha atafute mwanasheria. Tusiwaachie watoto wetu ugomvi tukauita urithi.

Wabillahi tawfiiq.