Akiba ya Ughaibuni: Zawadi za Benki na Gharama ya Kusahau

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Msemo huo ulizaliwa katika dunia ambamo akiba ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mkono: pishi ya mtama darini, mkufu wa dhahabu sandukuni, mbuzi wawili zizini. Kwa Mswahili anayeishi Leicester, Birmingham au London, ambaye mshahara wake huingia benki kila mwezi, msemo huo unahitaji nyongeza. Mwezi Oktoba mwaka 2022, mfumuko wa bei nchini Uingereza ulifikia asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41. Aliyekuwa na pauni 1,000 katika akaunti isiyolipa chochote hakuibiwa hata senti moja. Lakini vitu alivyoweza kuvinunua kwa pauni hizo vilikuwa vimepungua kwa takriban sehemu moja ya kumi katika muda wa mwaka mmoja. Akiba ilikuwa imeoza bila kunuka.

Wakati huohuo, benki za nchi hiyo hutangaza zawadi. Ipo inayoahidi pauni 150 au hata zaidi kwa mteja atakayehamia kwake, na ipo inayonadi kiwango cha riba kinachoishinda ile jirani. Wageni wengi huyapita matangazo hayo wakidhani kuwa ni ulaghai, au kwamba yamewekewa wenyeji. Ukweli ni kwamba zawadi nyingi kati ya hizo ni za kweli, na mgeni mwenye akaunti na anwani anaweza kuzipata kama mtu mwingine yeyote. Swali la msingi ni kwa nini benki, ambayo haijulikani kwa ukarimu, itoe fedha zake bure.

Jibu lake ni fupi. Benki hununua mazoea. Mtu akishafungua akaunti, mshahara ukaingia humo, na kodi ya nyumba, umeme na simu vikawa vinakatwa humo, ni nadra aondoke. Pauni 150 za leo ni bei ya mteja ambaye huenda akakaa miaka 20. Kwa hiyo mwenye kuelewa biashara hiyo huichukua zawadi bila haya, lakini hasahau kwamba naye ndiye bidhaa inayonunuliwa.

Hadi miaka michache iliyopita, kuhama benki kulikuwa ni usumbufu mtupu. Mambo yalibadilika mwezi Septemba mwaka 2013, ulipoanzishwa mpango wa kitaifa wa kuhamisha akaunti. Chini ya mpango huo, benki mpya huichukua kazi yote: huhamisha salio, maagizo ya malipo ya kila mwezi na fedha zinazokatwa na makampuni, kisha huifunga akaunti ya zamani, na yote hayo hukamilika katika siku 7 za kazi. Kosa likitokea katika uhamisho na mteja akatozwa gharama, hurudishiwa.

Hata hivyo, zawadi huja na masharti, na masharti ndiyo yanayowanyima wengi. Kwa kawaida benki hutaka akaunti ya zamani ihamishwe kikamilifu kupitia mpango huo, kiasi fulani cha fedha kiingie katika akaunti mpya ndani ya muda uliowekwa, na makampuni angalau mawili yawe yanakata malipo yao humo. Mara nyingi pia mtu aliyewahi kupokea zawadi ya benki hiyohiyo siku za nyuma huwa hastahili kuipata tena. Aidha, benki huweza kuchungulia kumbukumbu za mikopo za mwombaji, na uchunguzi wa namna hiyo ukirudiwa mara nyingi katika kipindi kifupi huacha alama. Anayetarajia kuomba mkopo wa nyumba miezi michache ijayo afadhali aiache zawadi hiyo ipite.

Ukiacha zawadi ya mkupuo, lipo suala la riba, na hapa ndipo mtego mkubwa ulipo. Akaunti nyingi za akiba hutangazwa kwa kiwango ambacho ndani yake mna nyongeza ya muda, mara nyingi ya miezi 12. Kwa mfano, mtu aliyeweka pauni 5,000 kwa asilimia 4.5 atapata pauni 225 katika mwaka wa kwanza. Nyongeza ikimalizika na kiwango kikashuka hadi asilimia 1, mwaka wa pili atapata pauni 50 tu. Hakuna aliyemdanganya, tarehe iliandikwa katika karatasi aliyoikubali. Tofauti ya pauni 175 ni gharama ya kusahau.

Gharama hiyo si ya mtu mmoja mmoja. Mwezi Septemba mwaka 2018, shirika la ushauri kwa raia, Citizens Advice, liliwasilisha malalamiko rasmi mbele ya mamlaka ya ushindani wa biashara. Lilitaja maeneo matano ambamo mteja wa muda mrefu hulipa zaidi au hupata kidogo kuliko mgeni: akiba za benki, mikopo ya nyumba, bima ya nyumba, simu za mkononi na intaneti. Shirika hilo lilikadiria kwamba hasara hiyo kwa wateja ilifikia pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Tangu Januari mwaka 2022, kampuni za bima ya nyumba na ya gari zimepigwa marufuku kumtoza mteja anayehuisha bima yake bei iliyo juu kuliko ile ambayo angetozwa kama mteja mpya. Marufuku hiyo haikuzigusa riba za akiba, na huko mteja hana budi kujilinda mwenyewe.

Upo pia mtego wa hesabu. Baadhi ya benki hutoa riba nono, tuseme asilimia 7, kwa anayeweka kiasi maalumu kila mwezi. Anayeweka pauni 250 kila mwezi kwa mwaka mmoja hufikisha pauni 3,000, na wengi hutarajia asilimia 7 ya hizo, yaani pauni 210. Watapata takriban pauni 114. Sababu ni kwamba pauni za mwezi wa kwanza zimekaa benki miezi 12, lakini zile za mwezi wa mwisho zimekaa mwezi mmoja tu. Mpango huo bado unaweza kuwa mzuri kuliko mingi, hasa kwa mtu asiye na fungu kubwa la kuanzia. Ubaya uko katika kuipangia matumizi faida isiyokuwapo.

Na riba inapopanda kuliko za wengine wote, swali la kwanza liwe juu ya usalama. Mwezi Septemba mwaka 2007, wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni barabarani kutaka fedha zao. Wakati huo fidia kamili ilihusu pauni 2,000 za kwanza tu, na asilimia 90 ya pauni 33,000 zilizofuatia. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2008, ilianguka Icesave, tawi la mtandaoni la benki ya Landsbanki ya Iceland, iliyowavuta Waingereza takriban 300,000 kwa riba yake ya kuvutia. Serikali ya Uingereza iliamua kuwarudishia watu hao amana zao, lakini si kila mara serikali huingilia kati. Leo mfuko wa fidia humlinda mteja hadi pauni 120,000 kwa kila benki yenye leseni, kiwango kilichoanza tarehe 1 Desemba mwaka 2025 badala ya pauni 85,000. Ifahamike kuwa kinachohesabiwa ni leseni, wala si jina lililo juu ya mlango. Halifax na Bank of Scotland, kwa mfano, zina leseni moja, kwa hiyo aliyegawa fedha zake kati ya hizo mbili hajaongeza kinga yoyote.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa Waswahili wa ughaibuni, neno riba lenyewe ni kizuizi. Mwaka 2004 ilianza kazi benki ya kwanza ya Kiislamu nchini humo kwa wateja wa kawaida, Islamic Bank of Britain, iliyokuwa na makao yake Birmingham, ambayo mwaka 2014 ilibadili jina na kuwa Al Rayan Bank. Amana zake huwekezwa katika biashara zinazokubalika, na mteja hutangaziwa faida inayotarajiwa badala ya riba. Mfuko wa fidia humlinda mteja huyo sawa na wengine. Lakini hata huko kanuni ni ileile: faida ya amana iliyofungiwa muda hutofautiana na ya fedha zinazoweza kuchukuliwa wakati wowote, na muda ukiisha mwenye mali asipochagua, huchaguliwa.

Iko zawadi moja inayozishinda zote kwa ukubwa, nayo haitoki benki. Tangu Septemba mwaka 2018, serikali ya Uingereza ina mpango uitwao Help to Save, kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Tangu Aprili mwaka 2025, anayefanya kazi na kupokea msaada wa Universal Credit anaweza kujiunga hata kama kipato chake cha kazi ni kidogo sana. Anaweza kuweka hadi pauni 50 kwa mwezi kwa miaka minne, na serikali humwongezea nusu ya akiba yake, mara moja baada ya miaka miwili na tena baada ya minne. Aliyeweka kiasi cha juu bila kukatiza, yaani pauni 2,400, huongezewa pauni 1,200. Hakuna benki inayotoa kiwango kama hicho.

Yote hayo hayana maana kwa mwenye deni ghali. Benki nyingi humtoza takriban asilimia 40 kwa mwaka mteja anayetumia fedha kupita salio lake. Kuweka pauni 500 kwa asilimia 4 huku mtu akidaiwa pauni 500 kwa asilimia 40 ni kuchota maji kwa tenga. Deni la namna hiyo lilipwe kwanza. Hiyo ndiyo riba bora kuliko zote.

Hali kadhalika dukani. Sheria huyataka maduka makubwa kuonyesha, kwa maandishi madogo chini ya bei, gharama ya kila kilo au kila lita. Maandishi hayo ndiyo yanayosema kweli. Mfuko mkubwa wa mchele haukosi siku ukawa ghali kuliko midogo miwili, na ofa ya vitatu kwa bei ya viwili humfaa tu anayehitaji vitatu. Anayetuma fedha nyumbani naye hupaswa kuuliza swali moja kwa kila wakala: kwa pauni 100 nitakazotoa mfukoni, ni shilingi ngapi zitakazofika? Wakala asemaye kwamba hatozi ada huenda ameificha katika kiwango cha kubadilishia fedha.

Waswahili hawakuijua akiba ughaibuni. Kina mama wa Dar es Salaam na Unguja walicheza upatu kabla ya wengi wao kuingia benki, na wajukuu wao wanaucheza hadi leo katika miji ya Uingereza. Upatu haulipi riba, na ukivunjika hakuna mfuko wa fidia. Nguvu yake imo katika mtu mmoja, kijumbe, anayejua zamu ni ya nani, anayepiga simu siku ikikaribia, na ambaye haoni haya kugonga mlango. Benki ina kompyuta, ina leseni na ina kinga ya serikali, lakini haina kijumbe. Siku nyongeza ya riba inapokwisha, huenda ikaleta barua au ujumbe wa maneno machache, kisha ikanyamaza.

Kwa hiyo kila mwenye akaunti hana budi kuwa kijumbe wa fedha zake mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji elimu ya uchumi. Yatosha daftari, au kalenda ya ukutani, yenye mambo matatu: fedha ziko wapi, kwa kiwango gani, na kiwango hicho kinakoma tarehe ipi. Akiba haiozi, walisema wahenga, nao walisema kweli, kwa sababu pishi yao ya mtama ilikuwa darini, na kila asubuhi waliitazama.