Jina la Tovuti Lisomwe na Mgeni Kabla ya Kulipiwa

Mada iliyowasilishwa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha vikundi vya wajasiriamali wa kata



Nimeombwa nizungumzie majina ya vikoa, yaani yale maandishi anayoyaandika mteja kwenye simu ili aifikie tovuti ya biashara. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu.

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kilinijia kikitafuta jina. Wenyewe walijiita Asali Tiba. Nami, kwa haraka ya mtu mwenye mafaili mezani, niliwaambia waunganishe maneno hayo mawili, wamalizie na .co.tz. Lebo za chupa zikachapwa. Siku ya maonesho mnunuzi mmoja aliinua chupa, akasoma kwa sauti: “Asaliti… ba?” Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikundi hakucheka, maana fedha ya lebo ilitoka katika mkopo.

Jina la kikoa halina nafasi kati ya neno na neno, wala herufi kubwa haitofautishwi na ndogo. Kwa hiyo usaliti ulikuwa umeandikwa juu ya chupa ya asali, na mimi sikuuona kwa kuwa nilijua tayari jina lilivyokusudiwa kusomwa. Mwenye jina hulisoma kwa kumbukumbu. Mgeni hulisoma kwa macho matupu, na mgeni ndiye mwenye fedha.

Basi liandikeni jina kwa herufi ndogo, likiwa limeunganishwa, mmwoneshe mtu asiyeijua kazi yenu. Mwulizeni mambo mawili tu: unasoma nini, na unadhani watu hawa wanauza nini? Msimweleze kwanza. Akisita, jibu mmelipata. Akisoma sawasawa lakini akadhani mnauza dawa, hilo nalo ni jibu. Wale wafugaji waligundua kwamba neno “tiba” liliwafanya wanunuzi makini waulize ni nani aliyethibitisha uponyaji huo.

Jaribio la pili ni la sikio. Wateja wetu wengi hulisikia jina gulioni au redioni kabla ya kuliona. Mtajieni mtu kwa simu, aliandike mwenyewe. Chukueni mfano wa Maziwa Asilia: a mbili zinakutana katikati, na wapo watakaoandika moja. Wengine wetu hubadilishana r na l tunaposema, jambo lisilo na aibu, ila jina lililojaa herufi hizo litawapotezea wateja. Vijana nao hupenda kuandika “asali2” wakimaanisha asali tu. Msikilizaji ataandika tarakimu, au “tu”, au “mbili”. Kistari kati ya maneno kingeiokoa Asali Tiba kwenye lebo, lakini redioni lazima kitajwe kila mara, na wengi hukisahau.

Sasa niseme kuhusu mwisho wa jina, kwa kuwa hapa wananchi wanaumia. Mwisho wa .co.tz ni wa biashara, .or.tz ni wa asasi zisizo za faida, na .go.tz ni wa taasisi za Serikali pekee. Matapeli wanalijua hilo. Huweka “go-tz” katikati ya jina kisha wakamalizia na .com, wakijua kwamba jicho huanzia kushoto na kuridhika mapema. Mkipokea ujumbe wa ajira au mkopo, someni anwani kuanzia mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo, kama upo. Kama jina haliishii kwa .go.tz, msiichukulie kuwa tovuti ya Serikali.

Ujanja huo umewaharibia hata waaminifu. Kikundi halali cha kuweka na kukopa kikijiita “mkopoharaka” na kuongeza vistari viwili, mtu aliyewahi kuibiwa hatafungua tovuti hiyo, nami sitamlaumu.

Jambo la utaratibu: kusajili jina la biashara BRELA hakuwapi kikoa. Vikoa hupewa aliyetangulia kuomba. Angalieni pande zote mbili siku moja, kabla ya kuchapa lebo hata moja. Usajili uwe kwa jina na barua pepe ya kikundi, si ya fundi aliyewasaidia, kwa sababu ada hulipwa tena muda ukiisha na taarifa hutumwa kwa aliyeandikishwa.

Wafugaji nyuki wetu hatimaye walichagua neno asali na jina la kijiji chao. Nililipeleka kwa watu sita waliokuwa kwenye foleni ya malipo pale ofisini, na wote walilisoma bila kusita. Vikundi vyenye majina tayari vinaweza kuniachia karatasi leo, jina likiwa peke yake bila maelezo, nami nitalipeleka kwenye foleni hiyohiyo.