Kiini Kwanza, Mkasi Baadaye: Riwaya Inapogeuzwa Filamu



Kila riwaya inayopendwa inapogeuzwa filamu, watazamaji hutoka ukumbini na lalamiko lilelile: mbona wameacha mambo mengi? Jioni hii nataka kutetea hoja kwamba lalamiko hilo si kipimo cha haki. Riwaya husomwa kwa siku kadhaa, filamu hutazamwa kwa saa mbili, kuacha hakukwepeki. La kuuliza ni hili: aliyekata alikuwa analinda nini?

Tutazame The Godfather ya 1972. Kabla ya kupiga picha, Francis Ford Coppola aliichana riwaya ya Mario Puzo, akabandika kurasa zake kwenye daftari kubwa, akazipigia mistari na kujaza maelezo pembeni. Onyesho kwa onyesho alijiandikia vichwa vitano: muhtasari, hali ya zama zile, taswira na hisia, kiini, na mitego ya kuepuka. Hapo kwenye kiini ndipo mkasi ulipopata mwongozo. Alikwisha kuamua kwamba hiki ni kisa cha mfalme na wanawe watatu. Visa vya pembeni, kama maisha ya Lucy Mancini kule Las Vegas, vikaondoka. Ujana wa Vito Corleone, mfalme mwenyewe, ukasubiri filamu ya pili, ya 1974. Puzo mwenyewe alishiriki kuandika muswada, na wote wawili wakatuzwa Oscar.

Watchmen inatupa funzo la upande wa pili. Katika kitabu hicho cha katuni cha Alan Moore na Dave Gibbons, kurasa nyingi zimegawanywa visanduku tisa vinavyolingana. Msomaji husimama apendapo, hurudi nyuma, hugundua alama aliyoipita. Zack Snyder, alipokigeuza filamu mwaka 2009, alivifuata visanduku vingi karibu kama vilivyochorwa, lakini filamu huenda kwa kasi yake na mtazamaji hana budi kuifuata. Isitoshe, mapigano ambayo kitabuni yanatia kichefuchefu, yeye aliyapunguza mwendo hadi yakapendeza. Michoro ilihifadhiwa, ila shutuma ya kitabu dhidi ya mashujaa wake ikafifia.

Hapa Afrika, Ousmane Sembène wa Senegal alijua kwamba wengi aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa chake. Mwaka 1968 akaigeuza hadithi yake mwenyewe kuwa Mandabi, filamu ya Kiwolofu. Inaanza kwa kinyozi wa uwanjani: wembe unapita kichwani mwa Ibrahima Dieng, kisha unaingia hadi puani, kamera ikiwa karibu kabisa. Kabla hajasema lolote tumekwisha kumjua: mtu anayejipenda, asiye na haraka, ambaye hawala ya fedha kutoka Paris itamzungusha ofisi hadi ofisi.

Kwetu, Shafi Adam Shafi alichapisha Vuta N'Kuvute mwaka 1999, na Amil Shivji akaitolea filamu mwaka 2021. Riwaya inatembea kati ya Unguja na Mombasa na ina wahusika tele. Filamu imewakazia macho Yasmin, msichana wa Kihindi aliyemkimbia mume mzee, na Denge, kijana anayepambana na ukoloni wa Waingereza. Wapo wanaosikitikia yaliyoachwa, nami nawaelewa. Hata hivyo, chini ya serikali iliyowapanga watu kwa rangi, penzi la wawili hawa lilikuwa uasi. Shivji alikishika kiini hicho, ndiyo maana filamu inasimama kwa miguu yake.

Nawaomba basi wanafunzi wetu wa filamu wasishike kamera kabla ya kuketi na wenzao wa fasihi wakabishana kuhusu kiini cha kitabu. Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Je, ni kisa cha msichana aliyepotoka, au cha baba aliyemlea kwa kipigo hadi akakosa nafasi ya kujifunza kujiongoza? Atakayeshika jibu la kwanza atatuletea mahubiri. Mimi nashika la pili, na kwa hiyo kamera yangu ingeanzia nyumbani kwa Zakaria, baba huyo, siku anapomchapa bintiye kwa sababu ya barua, na nisingekubali mhariri yeyote aliguse onyesho hilo.